Utepe wa Timu ya Nyakato

Jumapili, 24 Juni 1973

Nimeshtuka. Kwa furaha, jambo lisilonitokea mara nyingi, kwa hiyo naandika kabla haijaisha.

Asubuhi mke wangu Mwanaupe alinituma vitumbua. Vikafungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikala kimoja njiani kuhakikisha vimeiva. Chini yake nikaona picha: Wazungu juu ya baiskeli, wameinama kama watu waliodondosha sindano. Nikasoma. Nikala kingine ili nisome zaidi.

Kumbe Ulaya timu ya baiskeli ina kiongozi mmoja, na wengine wote kazi yao ni yeye. Wanakaa mbele wanamkinga upepo. Akiona kiu wanamletea maji. Tairi yake ikipasuka, mmoja anafungua gurudumu lake anampa, kisha anakaa kando ya barabara na kutabasamu. Karibu na mwisho kiongozi anachomoka, hajachoka hata kidogo, anawapita wote na kuchukua zawadi. Na wao wanampigia makofi! Baada ya hapo gazeti lilikuwa limeloa mafuta, sikuweza kuendelea. Lakini imetosha.

Saba Saba kuna mashindano, Musoma hadi Bunda kupitia Butiama. Wa kwanza anapewa baiskeli mpya. Mimi baiskeli sina. Hii ninayoendea minadani na cherehani kwenye keria ni ya shemeji yangu Alawi, kaka yake Mwanaupe. Juzi amesema kwa upole kwamba Saba Saba ikipita anaitaka. Upole wa Alawi ni mbaya kuliko ukali wake. Bila baiskeli hakuna mnada wa Kiabakari wala wa Bunda. Bila mnada nitakuwa fundi wa barazani kwa mama mkwe, nikishona viraka huku nikisikiliza habari zangu mwenyewe zikisimuliwa.

Kwa hiyo: lazima niwe kiongozi wa timu ya mtaa wetu, Nyakato. Miguu nitaazima kwa wengine.

Mwanaupe ameuliza vitumbua vingine viko wapi. Nimemwambia bei imepanda.

Jumanne, 26 Juni

Mchujo umefanyika leo mbele ya ofisi ya tawi la chama. Nimejipenyeza kama fundi wa kupima fulana za timu. Katibu wa tawi, Ndugu Machage, mtu anayeongea kama anahutubia hata akiomba chumvi, amekubali na ushauri wangu pia.

Nilitafuta vitu viwili kwa mpanda baiskeli: kifua kipana na maneno machache. Mungu akamleta Kija. Mkulima wa pamba kutoka upande wa Bunda, amekuja kubeba marobota kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Kifua chake ni kabati. Nikisimama nyuma yake sioni Musoma. Nimeuliza kama anapenda kushinda. Akafikiri sana, akasema anapenda ugali. Nimempitisha papo hapo.

Wa pili jina lake Kwangu, anayeleta sato kwa baiskeli kutoka mwaloni, wanakoshusha samaki. Maneno yake si machache, lakini amepita barabara yote ya majaribio na ndoo ya maji kwenye keria bila kumwaga. Nitahitaji mtu wa maji.

Mtu niliyetaka kumkosa ni Magesa. Magesa ni mpima pamba wa kinu, ana masharubu, na suruali zake hushonewa Mwanza. Mwanza! Na mimi nipo hapa, njia anayopita kila siku. Jana nilimwambia mchujo umehamishiwa Bweri. Nilijua akifika atakuta mbuzi tu.

Kweli alikuta mbuzi. Akageuza. Wakati wenzake wanakimbizana kwenye mzunguko wa mwisho, ametokea nyuma yao kwenye vumbi, amewapita wote, akamaliza wa kwanza bila kujua kama yuko kwenye mashindano. Watu wakashangilia. Ndugu Machage akasema huyu ametoka Bweri wakati wengine wametoka hapa hapa, basi ana ari kuliko wote. Amepita bila kupingwa.

Nimebaki na futi mkononi, mdomo wazi. Amenishukuru kwa taarifa. Sijui kama alikuwa anatania.

Mimi nimepita pia, kwa sababu fulana zilikuwa nne na nilikuwa nimeshajipima.

Alhamisi, 28 Juni

Siku ya uchaguzi wa kiongozi. Nimepanda mbinguni na kushuka kabla ya saa sita mchana.

Nilikuwa nimejiandaa. Jana nilishona utepe wa kijani wa kuvaa mkononi, juu yake nimetarizi kwa uzi mweusi: KIONGOZI. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile. Niliushona kwa kipimo cha mkono wangu, ambao Mwanaupe huuita mwiko. Mkutano ulipoanza nikautoa, nikasema kwa unyenyekevu kwamba utepe ni wa timu, avae yeyote utakayemfaa.

Ukapita. Kwa Kija ulikwama kwenye kifundo cha mkono. Kwa Magesa ukafika kiwiko ukagoma, akavuta mpaka masharubu yakatikisika. Yule Kwangu wa sato alisema ana magamba ya samaki, asije akauchafua. Mimi ukapanda wenyewe. Ndugu Machage akacheka, akasema basi utepe umeshapiga kura. Makofi.

Nikasimama kutoa hotuba. Nikawaeleza yote ya kwenye gazeti: wao mbele, mimi nyuma, maji, gurudumu, makofi. Nikaeleza vizuri sana. Nilipomaliza watu wakamgeukia katibu. Ndugu Machage akavua miwani. Akaniomba nirudie pale pa kupumzika nyuma ya wenzangu.

Nikarudia.

Akasema, "Mtu mmoja anapumzika kwa jasho la wengine? Ndugu Twalib, hiyo kwa Kiswahili inaitwa unyonyaji. Huyo wa kwenye gazeti si kiongozi. Huyo ni kupe."

Kisha akatoa uamuzi. Nyakato hatuna kupe. Nyakato kiongozi anaongoza, maana yake anakaa mbele, anapigwa na upepo, na wananchi wanakuja nyuma yake. Mwanzo hadi mwisho. Kwangu akauliza kama hiyo ni pamoja na milimani. Katibu akasema hasa milimani. Makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza.

Nikasema labda tuufikirie upya uchaguzi. Katibu akaniwekea mkono begani. Akasema cheo ni dhamana, mtu hakirudishi kama chenji.

Nimeshikwa na baridi mchana wa jua kali. Utepe hautoki, nimeukaza mno.

Ijumaa, 29 Juni

Mazoezi. Mimi mbele. Upepo ulinijia wote, kama vile hakuna mtu mwingine Musoma. Nimemeza wadudu ambao sijui majina yao.

Nyuma yangu Kwangu alikuwa anasimulia kisa cha mtu wa kisiwa cha Rukuba na mke wake na kambare. Wote wamecheka, hata Kija. Mimi nilisikia kicheko tu. Kisa kilipeperuka.

Nilipoomba anisimulie tena baadaye, amesema hakichekeshi mara ya pili.

Jumapili, 1 Julai

Nimepata njia. Ni safi, ni ya kisheria.

Kiongozi haruhusiwi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kila mtu anajua hilo, tangu Azimio. Basi nikionekana ninayo, nitavuliwa utepe, watampa Magesa, atakaa mbele na masharubu yake yakate upepo. Mimi nitakaa nyuma ya Kija, na karibu na Bunda nitachomoka. Gazeti halikusema lazima uitwe kiongozi.

Nyumba ya kupangisha sina, lakini nina banda nyuma ya nyumba. Upande mmoja kuku wa Mwanaupe, upande mwingine magunia na cherehani ya marehemu baba. Lina mlango. Kwa mbali ni nyumba.

Nimemwendea Kwangu nikamwambia kwa siri, kabisa abaki nayo moyoni, kwamba mimi ni kabaila: nina nyumba ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Ameapa atainyamazia.

Saa tisa mama wa vitumbua amenisalimia "Shikamoo mwenye nyumba." Mambo yanakwenda vizuri.

Jumatatu, 2 Julai

Sikuamini macho yangu. Hata sasa siamini, na wamelala pale, nawasikia.

Ndugu Machage amekuja asubuhi na timu yote. Nikatoka nimeinamisha kichwa, tayari kuvuliwa. Akaomba kuonyeshwa mali. Nikamwonyesha banda. Kuku wakatoka kutusikiliza. Katibu alitazama ndani kwa muda mrefu, akageuka, macho yamejaa machozi. Kweli, machozi. Akasema watu wengine wanaficha majumba ya ghorofa, lakini Ndugu Twalib amejitaja mwenyewe kwa ajili ya hiki kibanda. Akasema kiongozi wa namna hii hatujawahi kumpata.

Kisha akasema toba yenye matendo ndiyo toba. Banda liwe kambi ya timu mpaka Saba Saba. Kija na Magesa na Kwangu walale hapa, wale hapa, tujenge umoja.

Mwanaupe alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Ametazama Kija, ametazama gunia la unga, amenitazama mimi. "Wewe ulikuwaga fundi," amesema. "Sasa hivi umekuwa nini?"

Nikaanza kuwatoa kuku bandani.

Kuku wamehamia ndani, chini ya meza ya cherehani yangu.

Alhamisi, 5 Julai

Unga umekwisha. Kija anakula kwa heshima sana, anashukuru kila tonge, lakini hachoki kushukuru.

Nimejaribu kumsifia Magesa mbele ya katibu: ana kifua, ana sauti, ana masharubu ya uongozi. Katibu amesema hiyo nayo ni sifa yangu, kuwasifia wenzangu. Nikinyamaza mimi ni mnyenyekevu. Nikisema mimi ni mkarimu. Sijui mtu anafanyaje ili adharauliwe hapa Nyakato. Nyumbani nafanikiwa bila kujaribu.

Jioni nimemkuta Mwanaupe akipiga soga na hao watatu huku anachambua dagaa. Nilipofika wakanyamaza. Magesa akaniangalia kama mtu anayetazama mgonjwa. Sijaipenda. Huenda walikuwa wanazungumzia suruali za Mwanza.

Alawi amepita. Ameigusa baiskeli, ameminya tairi, amesema kwa upole kwamba nisiiangushe.

Jumamosi, 7 Julai. Saba Saba

Naandika Bunda, kwenye ukumbi wa shule, juu ya mkeka.  Nitaandika kama ilivyotokea, labda nitaelewa.

Tumeondoka Musoma jua likichomoza. Timu ya mtaa wa Kitaji ndiyo adui. Wao hawakuchagua kiongozi, kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza, wakatoka kwa fujo, mmoja akimpita mwenzake na mwenzake akimpita yeye. Sisi tukatoka kwa mstari. Mimi mbele. Nyuma yetu Land Rover ya kuazima, Ndugu Machage ndani na kipaza sauti mkononi. Nikisogea pembeni kidogo kupumua, nasikia: "Kiongozi mbele! Kiongozi mbele!" Ng'ombe wote wa njiani walisikia.

Upepo ulikuwa usoni. Vumbi la Kitaji lilikuwa usoni. Mpaka Kiabakari nilikuwa nimeacha kuhisi magoti. Tulipokata kushika njia ya Butiama niliona baiskeli mpya ikinipungia mkono juu ya kilima. Baiskeli haina mkono. Nikajua nakaribia kufa.

Butiama tukasimamishwa tunywe uji. Mjomba wake Magesa ni wa pale, yeye na wake zake ndio walioandaa. Mimi nilikaa chini na kibuyu cha uji, siwezi hata kukiinua. Mjomba akanitazama kwa huruma. Akasema kwao, Wazanaki, rika lililoongoza kwa muda mrefu halibaki mpaka lianguke. Linang'atuka.

Neno geni kwangu. Baba yangu alitoka pwani na mama Ujiji, kwetu tulijua kuchoka na kulala, basi. Nikamwuliza Magesa ni nini. Akasema ni kukaa pembeni, mwingine ashike.

Kukaa pembeni! Kupumzika! Kumbe lipo neno, tena la heshima, tena la hapa hapa. Mtu anapumzika kidogo, mwingine anashika, akirudisha nguvu anachukua tena. Kama kushikiana jembe. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na nani asingeelewa hivyo?

Nikasimama kwa shida mbele ya watu wote. Nikasema kwa sauti: "Nang'atuka."

Wazee wakasimama. Kisha wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba akaja akanishika mikono miwili. Ndugu Machage akaelezwa neno lile, akaomba aelezwe tena, akavua miwani yake. Nikaona nimepiga shabaha. Nikamwelekea Magesa, nikauvuta utepe mpaka ukatoka, nikamkabidhi. Haukumtosha. Nikaufumua kwa meno yangu mwenyewe, mshono ule niliouonea fahari, nikaunga leso yangu, nikamfunga mkononi. Magesa alinitazama kwa macho ya ajabu. Akauliza kama nina hakika. Akauliza mara ya pili. Nikasema nina hakika kabisa. Moyoni nilikuwa nacheka: nimemtega.

Basi, kutoka Butiama nilikuwa mtu mwingine. Magesa mbele, halafu Kwangu, halafu Kija, halafu mimi. Nyuma ya Kija hakuna upepo. Nyuma ya Kija hakuna hata hali ya hewa. Nilikaa mle kama kifaranga. Kwangu akasimulia kile kisa cha Rukuba, na safari hii nikakisikia chote, na kinachekesha. Gazeti lilisema kweli, neno kwa neno.

Njiani tukaanza kuwaokota Kitaji. Mmoja chini ya mti anatapika. Mmoja anagombana na mnyororo. Wawili wa mwisho wamegongana, wamekaa barabarani wanabishana nani alikuwa mbele. Tukawapita kwa mstari, tukawasalimia.

Hivyo tukabaki sisi wanne, na Bunda inaonekana, na watu pande zote mbili. Magesa amekwisha. Anayumba, masharubu yamejaa vumbi, anaenda mwendo wa mtu anayesukuma gari. Mimi nimepumzika kama niliyetoka kitandani. Baiskeli mpya iko pale juu ya meza, nimeiona, rangi nyeusi, kengele inang'aa. Nikajisemea, Twalib, ni sasa.

Nikachomoka.

Kija akasogea akaniziba. Nikadhani ni bahati mbaya. Nikaenda kushoto, Kwangu akaniziba. Nikawaambia wanipishe. Kija, ambaye angeweza kumpita Magesa kwa mguu mmoja, alikuwa amebana breki. Amebana breki! Akasema taratibu, bila hasira, "Kiongozi hapitwi."

Na nyuma kipaza sauti: "Ndugu Twalib, rudi nyuma! Kiongozi mbele! Mwanzo hadi mwisho!"

Mwanzo hadi mwisho. Yalisemwa mbele yangu. Nilikuwa nimevaa utepe, nilikuwa nasikiliza, na nilichosikia ni upepo tu. Anayekaa mbele mwanzo hadi mwisho, mwisho anakuwa wapi? Hata kuku wa Mwanaupe angejua.

Nikapiga kelele kwa Magesa anirudishie utepe. Nikasema nilikuwa napumzika tu, sasa nimepona. Magesa aligeuza shingo kwa taabu. Hakuwa na pumzi ya kunicheka, namshukuru kwa hilo. Akasema, "Uling'atuka. Aliyeng'atuka harudi." Kisha akavuka mstari, akaanguka na baiskeli yake, na watu wakamwinua juu.

Kwangu wa pili. Kija wa tatu. Mimi wa nne, sijatoka hata jasho.

Bado sijafika penye kuuma.

Jioni tulipokuwa tunakula, Kija akaniuliza kwa nini nilikataa. Nikauliza nilikataa nini. Akasema baiskeli. Mwanaupe aliwaambia kambini habari ya Alawi. Akawaambia bila baiskeli mimi sina kazi. Wakakubaliana watatu, Magesa akiwa wa kwanza kusema ndiyo, kwamba watakuja nyuma yangu mpaka Bunda hata nikienda kwa kutambaa, na atakayenipita atapigwa. "Tulikuwaga tumeshapanga," amesema Kija, akachukua tonge. "Butiama ulivyong'atuka tukasema basi, huyu mtu ana roho kubwa kuliko sisi."

Nimetoka nje. Nimelia nyuma ya ukumbi wa shule, sitaki kuficha. Nimelia kama mtoto aliyemwaga maziwa yote.

Jumapili, 8 Julai

Tumerudi Musoma kwenye lori la pamba. Alawi alikuwa ameshasimama mlangoni. Amechukua baiskeli yake, amenishukuru kwa kutoiangusha, ameenda. Cherehani imebaki sakafuni na kuku wameizunguka.

Nilitegemea Mwanaupe anigombeze.  Amenipa uji, akakaa karibu yangu, akashika ule mkono wangu wa mwiko, pale utepe ulipokuwa umeacha alama.

Halafu nimemwambia ukweli: kwamba siri za nyumba hazisemwi kambini. Kama asingezungumza na wale watu, nisingejua nilichopoteza, na nisingeumia. Ameuachia mkono.

Jumatano, 11 Julai

Mshangao mwingine. Magesa amekuja alfajiri na baiskeli yake mpya. Amesema kinu hakipimi pamba mapema, ana nafasi asubuhi za mnada, atanipeleka.  Nikapanda kwenye keria, cherehani mapajani, nimeikumbatia.

Yeye mbele, mimi nyuma. Upepo wote alikata yeye. Sikuhisi hata unyoya. Nimefika mnadani sina vumbi, nimeshona mpaka jioni alipokuja kunichukua, tumerudi vile vile. Njiani ameniomba nimpime suruali.

Nimemwambia kwa kuwa ni yeye, nitajitahidi kumpa nafasi.

Jumamosi, 14 Julai

Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Nimefikiri sana juu ya yaliyotokea na nimelipata somo.

Somo ni hili: anayekaa mbele ndiye anayeshinda. Basi. Gazeti lilinidanganya kwa sababu lilikuwa na mafuta.

Sasa, mwezi ujao kuna mashindano ya mitumbwi, kutoka mwaloni hadi Rukuba. Tawi letu linapeleka mtumbwi mmoja. Zawadi ni nyavu, na nyavu naweza kubadilisha kwa baiskeli. Leo kulikuwa na mkutano wa kupanga nafasi, nimewahi kabla ya wote. Kwangu, anayeijua kazi hiyo, ameanza kueleza kwamba kwenye mtumbwi kiongozi hukaa nyuma, ndiye anayeshika kasia la kuelekeza. Nikamkatiza. Nikasema mimi kiti cha nyuma sikitaki, safari hii sidanganyiki. Nataka mbele kabisa, pale kwenye ncha, mwanzo hadi mwisho, na sing'atuki.

Wametazamana. Ndugu Machage ameuliza kama nina hakika. Magesa naye ameuliza kama nina hakika. Hapo ndipo nilipojua ni nafasi yenye thamani. Nikasema nina hakika kabisa. Wamekubali upesi kuliko nilivyotarajia, na mkono wa Kwangu ndio uliokuwa wa kwanza kupanda.

Mwanaupe amekumbusha kwamba sijui kuogelea. Nimemweleza kwamba kiongozi haogelei.

Jioni Kwangu ameleta kibuyu kikubwa kilichokatwa mdomo, amesema ni cha mtu wa mbele, nisikisahau hata dakika moja, maana mtumbwi wenyewe unavuja. Nimeguswa sana. Ni mara ya kwanza nakabidhiwa cheo bila kukishona mwenyewe. Nimekitarizia kifuniko cha kijani.